Jukwaa au runinga: njia mbili za Jerry Orbach

Swali la wapi mwigizaji hunufaika zaidi, jukwaani au kwenye runinga, linapimika vizuri kwa maisha ya Jerry Orbach wa New York, aliyezitumikia njia zote mbili kwa moyo wake wote. Kwa heshima ya usanii, jukwaa ndilo lililotangulia: mwaka 1960 alikuwamo katika kundi la kwanza la waigizaji wa tamthilia ya muziki The Fantasticks, na mwaka 1969 akatwaa tuzo ya Tony, tuzo kuu ya jukwaa la Marekani, kwa tamthilia ya muziki Promises, Promises. Hata hivyo, jukwaa la Broadway, yaani kumbi kubwa za maonyesho za New York, hudai mwili mzima, kwa kawaida maonyesho 8 kwa wiki, sauti ikitunzwa kama mboni ya jicho, na onyesho likifungwa ujira nao hukoma.

Runinga ilimpa uhakika. Tangu 1992 hadi 2004 aliigiza mpelelezi Lennie Briscoe katika tamthilia ya polisi Law & Order, akiinama juu ya maiti na kutamka sentensi moja kavu kabla muziki wa ufunguzi haujaanza; vipindi hivyo vinatazamwa mpaka leo, ilhali uimbaji wake wa jukwaani wengi wetu tunausikia katika santuri tu, jambo linalonisikitisha.

Kijana mwenye pumzi na asiye na wategemezi aanzie jukwaani. Mwenye karo za watoto asione haya kuipokea runinga.