Lenzi ya kubana kwenye simu: miezi mitatu na vidudu vya chini ya makoro

Nimeitumia lenzi hii karibu kila jioni uani kwetu Himbi, hapa Goma. Ni ile ndogo ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, yenye kibanio, unaibana juu ya kamera ya simu. Nililipa dola 12. Wengine huinunua wapige maua. Mimi nilitaka vile vidudu vya kijivu vinavyotawanyika ukiinua koro lenye unyevu, yaani jiwe la volkano. Kitaalamu huitwa isopodi, wana miguu 14, na undugu wao uko kwa kaa na kamba, si kwa mende.

Kwanza lazima uzoee umbali. Lenzi inaona vizuri ikiwa karibu sana, kama upana wa vidole viwili hivi, na ukitetemeka kidogo tu picha inaingia ukungu. Ukipata macho, mgongo unapotea. Mimi nalaza simu juu ya makopo mawili ya maziwa ya unga, kisha nasogeza kisahani chenye vidudu badala ya simu. Taa ya simu yenyewe usiiwashe, kwa sababu lenzi inatupa kivuli katikati ya picha. Tumia kurunzi ya pembeni iliyofunikwa karatasi laini. Hata hivyo vitakimbia, maana havipendi mwanga. Weka jani lililooza na kipande cha koro kilicholowa, halafu subiri.

Siku moja nilikuta kimoja chenye rangi mbili: nyuma kimetakata, cheupe kama maziwa, mbele bado kijivu. Nikadhani kinaumwa. Kumbe hivi vinajivua gamba kwa awamu mbili, nusu ya nyuma kwanza, ya mbele baadaye. Kesho yake jioni nikaibana lenzi na kungoja, binti yangu akinishikia kurunzi. Gamba la mbele lilitoka kama soksi iliyolowa. Vipapasio vilivutwa polepole, kimoja kikakwama, kikatikisika, kikachomoka. Kilipopumzika kidogo kikageuka na kuanza kula gamba lake chenyewe, kwa kuwa lina chokaa inayohitajika kukomaza gamba jipya. Binti akaninong'oneza, “Papa, kinakula nguo yake!” Video hiyo pekee imenirudishia dola zangu.

Jike nalitazama kwa chini, nikiliweka juu ya kioo. Mayai yake hayatagwi ardhini. Yanakaa kwenye mfuko wenye maji chini ya tumbo mpaka watoto watoke. Watoto hao ni weupe, na wanazaliwa na jozi 6 tu za miguu, ya 7 inaota baadaye. Nilikuza picha nikahesabu mara tatu: 6.

Sasa kasoro. Kibanio kililegea mwezi wa pili na mpira wake ukabanduka. Hakishiki juu ya kava nene, na simu yenye kamera tatu itakusumbua mpaka ujue ipi ndiyo kuu. Aliyeniuzia alisema inakuza mara 100. Si kweli hata kidogo, ingawa miguu na macho vinaonekana wazi. Na kwa sisi wa Goma: vumbi la makoro linakwaruza kioo. Lipulize kwanza, ndipo ufute.

Jambo moja bado linaniuma. Mwanzoni niliacha kimoja chini ya taa nikitafuta picha nzuri, kikanifia. Vinapumua kwa viungo vilivyo chini ya mkia, ambavyo havitakiwi kukauka. Tangu hapo ni dakika chache tu, kisahani kina unyevu, kisha navirudisha chini ya jiwe lilelile.

Ningeinunua tena, lakini safari hii ningeibana kwenye simu yangu palepale dukani kabla ya kutoa pesa. Jana nimeona jike jingine lenye mfuko uliojaa, chini ya jiwe la karibu na bomba. Makopo yako tayari.