Waya au Wi-Fi: nyumba yako yataka nini?

Kila anayewekewa intaneti Mombasa huuliza: nivute waya au niachie Wi-Fi?

Kwa gharama ya kuanzia, Wi-Fi inashinda bila ubishi. Rauta moja na simu zote zinashika. Waya unataka kebo, vichwa vya RJ45 (vile vya plastiki vya kuchomeka mwishoni mwa kebo), fundi na kutoboa kuta.

Ila kuta zenyewe ndizo shida. Nyumba za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe, nene, na mawimbi ya redio hufifia humo. Wi-Fi hurusha mawimbi kwa masafa ya gigahezi 2.4 au 5: ya 5 yana kasi, lakini hayapenyi ukuta kama ya 2.4, ukiingia chumba cha pili tu, video yaanza kukwama. Kebo ya Cat6, aina ya waya wa intaneti, haijali ukuta: hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na Wi-Fi ya jirani haiiingilii.

Kwa matunzo, hewa ya chumvi hula vichwa vya kebo vilivyo nje. Pini zikifanya ukijani, kata, bana kichwa kipya. Wi-Fi yataka nywila imara.

Mwenye duka karibu na Marikiti, kompyuta yake haibanduki mezani, ningemvutia waya. Mpangaji wa Kisauni anayehamahama, Wi-Fi yamtosha, bora rauta iwekwe juu, katikati ya nyumba.