Gibbons au Menzies: umfuate nani kwenye sanaa ya seti?

Kwa wanaosomea seti, yaani mandhari zinazojengwa kwa ajili ya filamu, za Hollywood ya zamani, ubishi kuhusu wabunifu wawili hauishi: Cedric Gibbons au William Cameron Menzies?

Kwa uhakika wa ajira, Gibbons hana mpinzani. Aliongoza idara ya sanaa ya studio ya filamu ya MGM tangu 1924 hadi 1956, akaondoka na Oscar 11, sanamu ambayo muundo wake aliuchora mwenyewe. Menzies alihamahama, leo kwa prodyuza huyu, kesho kwa yule.

Kwenye jina, angalia sana. Mkataba wa Gibbons ulitaka atajwe karibu kila filamu ya MGM, hata zile ambazo seti zake zilichorwa na wasaidizi wake. Ukiona jina lake, usidhani umeuona mkono wake. Menzies ni kinyume: kwa Gone with the Wind (1939) alichora matukio picha baada ya picha kabla ya kupigwa: kamera ikae wapi, kivuli kiangukie wapi, anga iwe nyekundu kiasi gani. Hapo, nakiri, ndipo ninapolegea.

Unataka kuongoza karakana ya watu wengi? Msome Gibbons. Una penseli yako na bajeti finyu? Anza na Menzies.