Duka la Sarafu Kuukuu Usita wa Mui, Lamu: Mizani Mezani, Bei Mdomoni

Mkusanyaji wa sarafu za kigeni anayefika Lamu hukutana na wauzaji wa aina mbili: wachuuzi wa gatini wenye sarafu chache walizozifunga kitambaani, na maduka ya vitu vya kale yaliyo katika Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji. Tathmini hii inahusu duka moja la aina ya pili. Sitalitaja jina, kwa kuwa baadhi ya ninayoyaandika hayatamfurahisha mwenyewe, ingawa kwa jumla nimeridhika naye kuliko muuzaji mwingine yeyote niliyewahi kununua kwake mjini humo.

Sifa yake kubwa ni mizani. Mizani ndogo ya sonara hukaa juu ya meza ya kioo, na mteja huachwa apime mwenyewe bila kununiwa. Jambo hilo lina manufaa makubwa, kwa sababu sarafu za fedha zilizozunguka pwani hii zilitengenezwa kwa kipimo maalumu: rupia ya India ya zama za Malkia Victoria ina gramu 11.66, na kipimo hicho hicho kilifuatwa na rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na kampuni ya Imperial British East Africa, pamoja na rupia ya Wajerumani waliotawala upande wa Tanganyika. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo, lakini ikisoma gramu 9 hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo, hata kama sura ya Malkia imechorwa kwa ustadi.

Inayowaponza wageni zaidi ni reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria. Imeandikwa mwaka 1780, ndio mwaka aliofariki, lakini haikukoma kupigwa chapa kwa tarehe ile ile baada ya kifo chake. Katika karne ya 20 ilitengenezwa Vienna, Rome, London na hata Bombay, kwani wafanyabiashara wa Uhabeshi, Arabuni na Bahari ya Shamu waliizoea sura hiyo na hawakutaka nyingine. Kwa hiyo tarehe peke yake haithibitishi umri, na nyingi zinazouzwa leo zinastahili bei iliyo karibu na thamani ya madini yake. Hesabu yenyewe ni nyepesi: sarafu ina uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 fedha ni 833, yaani takriban gramu 23.4 za fedha safi. Mtu akizidisha kiasi hicho kwa bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo, ambayo simu yoyote yenye intaneti itamwonyesha, kisha akaongeza faida ya kiasi kwa muuzaji, anajua aishie wapi katika kupatana. Mchuuzi mmoja wa gatini aliniapia kwamba yake ina zaidi ya miaka 200, akataka zaidi ya mara tatu ya hesabu hiyo. Mwenye duka nilipomwuliza kuhusu ya kwake alijibu, "Hii si ya zama hizo, bwana, ni chapa ya baadaye, mimi nakuuzia fedha tu." Kisha akaigeuza ubavu nione maneno ya Kilatini yaliyoinuka kwenye ukingo, ambayo katika sarafu bandia za kumiminwa kalibuni aghalabu huwa yamefifia.

Katika shilingi za Afrika Mashariki zenye picha ya simba tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Zile za mwaka 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, na kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Dukani, shilingi ya 1952 ilikuwa katika bakuli la sarafu zinazouzwa kila moja kwa shilingi 150 za leo. Gatini niliombwa 1,000 kwa ya mwaka huo huo, kwa madai kwamba ni fedha tupu.

Kuhusu dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ile yenye tembo, mwenye duka alisema haigusi, maana bandia zake ni nyingi mno. Muuzaji anayekataa biashara kwa sababu hiyo namwamini katika mengine.

Kasoro zake ni mbili, na ya kwanza inaniudhi. Sarafu zake nyingi husuguliwa kwa ndimu mpaka zing'ae, kwa kuwa watalii hupenda kinachong'aa. Kwa mkusanyaji huo ni uharibifu: weusi uliotanda juu ya fedha kwa miaka mingi ni sehemu ya thamani yake, na mikwaruzo ya kusugua haifutiki. Niliomba nionyeshwe ambazo hazijaguswa, nazo zilitolewa kwenye kopo chini ya meza, kwa bei nafuu kuliko zilizosuguliwa! Kasoro ya pili ni kwamba hakuna bei iliyoandikwa popote, hivyo asiyejua Kiswahili huanza kupatana akiwa juu sana.

Wapo pia wanaonong'ona kwamba wana sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, ya enzi ya Yongle, mfalme wa China wa mwanzoni mwa karne ya 15, kama ile iliyofukuliwa na wanaakiolojia kisiwani Manda mwaka 2013. Anayedai kuitoa ardhini Manda ama anadanganya, ama anakiri kosa la kufukua vitu vya kale bila ruhusa.

Risiti hutolewa ukiiomba, na uiombe. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Rupia ya 1888 imo katika hesabu hiyo, shilingi ya 1952 haimo; anayenuia kusafiri nazo aulize kwanza Makumbusho ya Lamu, pale ufukweni, kabla ya kulipa.