Uzoefu wangu na tairi la kashata zilizoachana kwenye tope la mbuga, Simiyu

Ninaendesha Yamaha XTZ125 kwa kazi ya chanjo na tiba ya mifugo katika vijiji vya Maswa na Meatu, na karibu msimu wote wa mvua uliopita niliifunga matairi ya Dunlop Geomax MX33, mbele na nyuma, badala ya matairi ya matumizi mchanganyiko yanayokuja na pikipiki hii kutoka kiwandani. Naandika tathmini hii kwa ajili ya watu ambao kazi yao haiwapi nafasi ya kusubiri njia ikauke: maafisa ugani, wahudumu wa afya, wapeleka dawa na wengine wanaotakiwa kufika leo, mvua inyeshe isinyeshe. Baada ya msimu huo nina hakika kwamba kinachoamua safari kwenye tope ni nafasi iliyoachwa kati ya kashata na kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga ardhi, kuliko urefu wa kashata zenyewe, na kuliko upana wa tairi ambao wanunuzi wengi huuangalia kwanza.

Ni lazima nianze na udongo, kwa sababu tairi haliwezi kusifiwa wala kulaumiwa bila kutaja lilipokanyaga. Huku kwetu mtu anaanza safari juu ya mwinuko kwenye luseni, yaani mchanga, kisha anateremka taratibu hadi bondeni kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa kubwa wakati wa kiangazi na kuvimba unapolowa. Mpangilio huu wa udongo kubadilika kutoka kilimani hadi bondeni ndio ambao Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliupa jina la katena mwaka 1935, na wanafunzi wa kilimo duniani kote wanausoma mpaka leo. Kwa dereva maana yake ni kwamba ndani ya safari moja fupi tairi lilelile linakutana na mchanga unaozamisha gurudumu la mbele, changarawe ngumu, na tope linaloshika kama gundi. Tope linalonata kuliko yote si lile lenye maji mengi, kwa kuwa hilo hutiririka na kujiondokea lenyewe. Ni lile lililonyeshewa jana na leo limeanza kukauka.

Matairi ya kiwandani yana kashata pana zilizokaribiana, nami siyalaumu, kwa sababu yametengenezwa kwa mtu anayetumia lami na barabara za vumbi. Kwenye mbuga, hata hivyo, mianya yake midogo hujaa ndani ya hatua chache tu, na tairi lililojaa udongo halina tofauti na tairi kipara. Kinachofuata ni kibaya zaidi, kwa kuwa udongo unaendelea kujikusanya hadi unafika kwenye madigadi na kwenye chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, gurudumu linakataa kuzunguka, na dereva anabaki kuchokoa tope kwa kijiti huku sanduku la chanjo likipoteza ubaridi wake. Waendesha bodaboda wengi wa huku huondoa kabisa madigadi ya mbele ya chini inapofika masika, na wanafanya jambo la maana. Pikipiki yangu ina madigadi ya juu, kwa hiyo tatizo langu kubwa lilikuwa nyuma.

Watengenezaji wa matairi ya njia mbovu huyagawa kwa aina ya ardhi: laini, ya kati na ngumu. Dunlop wana MX14 kwa ajili ya mchanga na tope, ambalo kashata zake za nyuma zimepangwa kuchota ardhi kama koleo. Wana MX33 kwa ardhi laini hadi ya kati, ambalo mrithi wake MX34 ameshatoka. Na wana MX53 kwa ardhi ya kati hadi ngumu. Michelin nao, katika familia ya StarCross 6, wametenganisha tairi la tope na la mchanga, kisha wakatoa mengine kwa ardhi zilizo katikati. Inafaa mnunuzi ajue kwamba tairi la ardhi laini kwa kawaida halina mpira laini. Kashata zake ni ndefu, chache na ngumu kiasi ili zichimbe bila kupinda, ilhali tairi la ardhi ngumu ndilo hupewa mpira laini unaoweza kung'ang'ania mwamba. Ndiyo maana sikuchukua MX14, ingawa kwa tope peke yake lingekuwa na nguvu zaidi: safari zangu zote huanza na changarawe, na huko kashata ndefu zinazosimama peke yake hupinda, huchanika mizizi na kuisha haraka.

Vipimo vilinichukua muda mrefu kuliko uchaguzi wa aina. XTZ125 inatoka na 80/90-21 mbele na 110/80-18 nyuma. Tarakimu ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Tairi la nyuma la kiwandani lina ubavu wa milimita 88. Tairi la 110/100-18, ambalo ndilo wauzaji hulisukuma kwa kila mtu mwenye ringi ya 18, lina ubavu wa milimita 110, kwa hiyo gurudumu zima linaongezeka kipenyo kwa karibu asilimia 7. Kwa injini ya cc 125 iliyobeba mtu na sanduku, ongezeko hilo ni sawa na kufunga sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo) iliyo ndogo zaidi: pikipiki inakosa nguvu ya kuvuta mahali hasa inapohitajika, na pia nafasi kati ya tairi na chuma inapungua. Nilichukua 100/100-18, ambalo linaongeza kipenyo kwa takriban asilimia 4 tu, na wembamba wake ni faida, maana tairi jembamba hukata tope na kutafuta ardhi ngumu iliyo chini yake, wakati pana huelea juu na kukusanya udongo. Mbele nilifunga 80/100-21, nayo ilikaa bila shida.

Kazini tofauti ilionekana mara moja. Kwenye tope jepesi la maji MX33 la nyuma linajisafisha vizuri kabisa, na pikipiki inasonga mbele kwa utulivu bila mkia kuyumba. Kwenye mbuga iliyoanza kukauka linajaa pia, sitaki kumdanganya mtu, lakini likipewa kasi linatema udongo, jambo ambalo la kiwandani halikuwahi kulifanya. Hapo gia ina kazi yake: gia ya pili yenye mwendo wa wastani husafisha tairi, ilhali gia ya kwanza ya mwendo wa kunyata huliacha lijae. La mbele limenifurahisha kuliko nilivyotarajia, hasa kwenye luseni na kwenye makorongo yaliyochongwa na magurudumu ya mikokoteni ya ng'ombe, kwa sababu kashata zake za pembeni zinashika ukingo na usukani hautoroki mkononi.

Upepo ni nusu ya tairi. Kwenye tope nilishusha hadi PSI 14 nyuma na 13 mbele, na mguso wa tairi na ardhi uliongezeka waziwazi. Chini ya hapo sikushuka, kwa kuwa natumia tyubu na ninabeba mzigo. Tyubu yenye upepo mdogo hubanwa kati ya ringi na jiwe ikapasuka sehemu mbili kwa mpigo, na tairi huweza kuteleza juu ya ringi likang'oa valvu. Kwa sababu hiyo fundi alitoboa ringi ya nyuma na kufunga kile kibano cha ndani kinacholikaza tairi lisizunguke, akaweka na tyubu nene. Anayenunua tairi la namna hii bila kibano hicho asishushe upepo.

Upungufu wake haufai kufichwa. Haya ni matairi ya mashindano na njia za porini, hayakukusudiwa kwa lami, na kwenye lami ya Mwigumbi hadi Maswa unayasikia yakivuma, unahisi kashata zikipinda kwenye kona, na breki zinahitaji umbali mrefu zaidi, hasa lami ikiwa imelowa. Bei ilizidi maradufu ya tairi la kawaida, na duka la Mwanza lililoniagizia lilinisubirisha mpaka mvua za mwanzo zikawa zimeshapita. Kashata za katikati za nyuma zimelika ukingo wa mbele kwa sababu ya changarawe, na nimeshayafungua yote mawili na kurudisha ya kiwandani kwa kiangazi.

Kwa mtu ambaye zaidi ya nusu ya njia yake ni lami, nisingemshauri MX33. Tairi la matumizi mchanganyiko lenye kashata zilizoachana kiasi litamfaa na litamweka salama zaidi. Kwa anayeshinda bondeni, ningemwambia aanze na la nyuma peke yake kama fedha ni ndogo, aagize miezi miwili kabla ya Novemba, na akague tarakimu nne za tarehe ubavuni, ambazo huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kabla ya kulipa. La nyuma nitaliagiza tena kwa kipimo kilekile cha 100/100-18; la mbele bado lina kashata za kutosha kwa masika nyingine.