Cepheus: mwalimu bora wa poka ya limiti, lakini haijui udhaifu wa mpinzani wako

Cepheus ni programu iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, wakiongozwa na Michael Bowling, na Januari 2015 ilitangazwa katika jarida la Science kuwa imekaribia ukamilifu katika Texas Hold'em ya limiti ya watu wawili, aina ya poka ambamo kiasi cha kubeti katika kila raundi kimewekwa na kanuni. Chuo kiliiweka mtandaoni ili mtu yeyote acheze nayo au aiulize ingefanya nini ikiwa na karata fulani.

Sehemu hiyo ya kuuliza ndiyo hazina yenyewe. Humo utaona, kwa mfano, kwamba mwanzoni mwa mchezo ni nadra mgawaji kufuata dau tu, yaani kulipa lililopo bila kuliongeza: ama anapandisha, ama anatupa karata. Sijaona msingi imara kuliko huu kwa anayejifunza mchezo kwa dhati.

Upungufu wake ni kwamba haimsomi mpinzani. Aliye hodari na mwoga, anayetupa karata upesi anapobanwa, wote inawachezea vilevile, na kwa hiyo huyu wa pili inamwachia fedha nyingi ambazo mchezaji makini angezichukua. Tuseme tumefika raundi ya mwisho, mezani pana fedha sawa na madau matano ya raundi hiyo, na karata zako hazina kitu. Ukibeti dau moja, inatosha mpinzani atupe mara moja katika kila sita ili usipate hasara. Mpinzani aliyekamilika hukaa karibu na kiwango hicho, hivyo kumtishia, yaani kubeti bila karata nzuri, hakuna faida. Lakini mwoga anayetupa mara moja katika kila nne, ukimjaribu mara 12, atakuachia madau 15 na kukutoza tisa tu. Ndiyo maana dhidi yake ninashauri kutishia zaidi ya inavyofanya Cepheus, na kupandisha dau mwanzoni kwa karata yoyote ikiwa anatupa zaidi ya nusu ya nyakati.

Mambo hugeuka pale mwoga huyo anapobeti mwenyewe. Cepheus itamlipa hata kwa jozi ya wastani, kwa kuwa hesabu yake inamchukulia mpinzani kuwa mtu anayetishia mara kwa mara. Lakini asiyetishia kamwe akipandisha dau katika raundi ya mwisho, jozi yako ya karata za namba kumi itupe bila kusita, hata kama mezani pamejaa fedha.

Ninaipendekeza kwa moyo wote kwa wanaocheza wawili wawili, mradi wajifunze kwanza mizani yake kabla ya kuanza kuipindisha kwa ajili ya mtu fulani. Wanaokaa kwenye meza ya watu tisa watafute msaada kwingine, kwa sababu majibu yake yote yamekokotolewa kwa wachezaji wawili tu.