Boti ya tanga yenye mukuku wa kupanda: ununue gani kama uko Goma

Bibi yangu njo aliniuliza ile swali yenye batu bengine banaona haya ya kuniuliza. "Baba Furaha, ziwa Kivu inaenda chini karibu mita 480, sasa weye unatafuta boti ya maji fupi ya kufanya nini?" Ile mangaribi sikumujibu kitu, juu nilikuwa kwa telefone naangalia foto ya boti ya Wafransa yenye bei ya nyumba mbili za Himbi, nikafunga telefone nikajifanya nasinzia.

Lakini jibu iko, na ni ile jibu njo imepanga classement yote yenye nitawapa hapa. Hapa kwetu mukuku wa kupanda si kwa ajili ya ziwa, ni kwa ajili ya barabara na mwalo. (Mukuku ni ile fero ao ubao unashuka chini ya boti ili upepo isiisukume pembeni, Wafransa ile ya kupanda na kushuka wanaita deriva.) Hakuna boti inaweza toka baharini ikafika Kivu na maji. Muto Ruzizi inatoka Bukavu inashuka Tanganyika na maporomoko, halafu kuko mabaraji juu yake, ya kwanza tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kwa hiyo kila boti itakuja na kamiyo, toka Mombasa ao Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,500, mipaka, dwane, halafu inafika Goma inakuta njia za makoro (mawe ya volkano) zenye hata chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, inalia. Na ukisha kuifikisha kwa maji hakuna grue ya kuinua boti yenye mukuku wa kudumu wa mita moja na nusu, utakuwa na vijana kumi na mbili, kamba, na maombi.

Kuko na sababu ingine yenye niliielewa nyuma. Kivu pembeni yake inashuka gafla, hatua chache na uko kwa mita 40. Nanga ya boti ndogo haina kamba ya kutosha kushika fasi kama ile. Sasa unalazimika kusogea karibu kabisa, unafunga kamba kwa muti, na chini yako ni mawe ya volkano yenye kukata kama chupa. Pale mukuku unapanda, unashukuru.

Sasa kitu yenye bauzaji habawaambie: mlango wa konteneri. Konteneri ya kawaida mlango wake ni sentimita 234 hivi ya upana. Boti ikiwa na 240, haingii, basi, utalipa usafiri wa aina ingine, na kule pesa inakimbia kuliko boti yenyewe. Pima upana mbele ya kupenda rangi. Miye kazi yangu ni moteri za boti, natengeneza Yamaha pale Kituku miaka mingi sasa, na nimeona batu bananunua kitu kwa foto halafu banalia.

Namba 1: Cornish Shrimper 19

Ya Waingereza, ilianza 1979, muchoraji wake ni Roger Dongray, na zimeisha kutengenezwa zaidi ya 1,000. Upana sentimita 218, inapita mlango wa konteneri (urefu wa kwenda juu upime na remorki yake, usiniamini miye). Mukuku ukipanda inaomba maji ya sentimita 46 tu, yaani unashuka na suruali imekunjwa kwa magoti, mukuku ukishuka inafika karibu mita 1 na sentimita 22. Uzito tani moja na kidogo.

Kinachonifanya niiweke juu ni fasi walificha uzito. Ile uzito ya kuifanya isipinduke iko ndani chini ya bodi, si kwa mukuku. Mukuku ni bamba la fero tu, linazunguka kwa musumari moja mukubwa, likigonga jiwe linarudi nyuma lenyewe kama mutu anakunja muguu. Likipinda, fundi yeyote wa kuchomelea vyuma pale Birere anakupa lingine, ile ni bamba, si akili ya NASA. Halafu mlingoti ni mufupi na unalala nyuma, unapita chini ya nyaya za umeme za quartier bila kuita SNEL, batu ba umeme. Tanga yake iko na muti wa juu, karibu kama majahazi ya pwani, rangi mara nyingi ni ile nyekundu ya matofali, ni mzuri mpaka inaudhi.

Ubaya: ndani unakaa, hausimame. Batu babili banalala vizuri, bane ni ugomvi. Na haipoteze bei, hata ya zamani banaiuza kama dhahabu. Ukipata, tafuta ile yenye shimo ya moteri ya nje, usichukue yenye dizeli ndani, pièce ya ile dizeli utaitafuta mpaka Nairobi lakini za Yamaha ndogo naweza kukupa kesho asubuhi.

Namba 2: West Wight Potter 19

Hii ni ya pesa kidogo. Ilitengenezwa Marekani, iko nyepesi sana, kilo 556, unaweza ivuta na jeep ya kawaida, na mukuku ukiwa juu inaelea kwa maji ya sentimita 15. Kumi na tano! Bata anaomba zaidi. Upana sentimita 229, kwa konteneri inapita kwa kujibana, weka matelasi pembeni.

Sasa mbona si ya kwanza? Juu mukuku wake haukunjike, unapanda wima kama sabre inarudi kwa mfuko wake, unauvuta na winchi. Ukienda na upepo nyuma ukagonga jiwe, haurudi nyuma, boti yote inapokea ile kofi, na kile kisanduku cha katikati, fasi mukuku unaingia, njo kinapasuka. Kwa michanga ya kisiwa cha Idjwi hakuna shida. Kwa makoro ya upande wa Goma, kule lava ya 2002 iliingia mpaka ndani ya ziwa, miye naogopa. Mutu wa Bukavu anaweza kuipa namba moja na sitabishana naye.

Namba 3: Catalina 22

Ilianza karibu 1970, zimeuzwa zaidi ya 15,000, kwa hiyo ya occasion kule Marekani unapata kwa dolari elfu chache, wakati mwingine na remorki yake. Ziko za mukuku wa kudumu na za mukuku wa kupanda, weye unataka ya kupanda, uliza mara mbili. Ile mukuku ni fero ya kilo 250, inashikwa na musumari moja na kable moja. Soma tena ile sentence. Kilo 250, kable moja. Kable inazeeka pole pole ndani ya maji fasi yenye hauone, siku inakatika mukuku unaanguka na kile kisanduku kinapata maombolezo. Na juu uzito uko pale kwa mukuku, ukisahau kuufunga na bolti yake, boti ikilala sana na tufani unaweza kurudi ndani wenyewe wakati njo unauhitaji.

Si boti mbaya hata kidogo, ukibadilisha kable na musumari mbele ya kuiweka kwa maji unaishi naye miaka. Lakini upana ni sentimita 234 hivi, yaani sawasawa na mlango. Sawasawa maana yake haipite.

Namba 4: MacGregor 26 (ile ya X ao M)

Hii vijana bote ba Goma banaipenda, juu unaweza kuifunga moteri ya farasi 50 ikakimbia kama canot rapide, halafu ukichoka unapandisha tanga. Akili yake ni ya maji: iko na tanki chini, ukiwa barabarani tanki iko tupu, boti inakuwa na tani moja na kitu, ukifika ziwani unafungua, maji zaidi ya nusu tani inaingia, inakuwa imara. Kwa nchi ambayo njia zake ziko kama zetu, ile ni mafikiri ya mutu mwenye aliteseka. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza 2013.

Lakini iko mrefu kwa kwenda juu, upepo ya pembeni inaisukuma kama kartoni. Hapa tuko kwa mita 1,460, hewa ni nyepesi, moteri inapoteza nguvu zaidi ya asilimia 10, ile farasi 50 usiihesabu yote. Na esanse unaijua bei. Ukinunua boti ya tanga ili utumikishe moteri kila siku, heri ununue moteri. Upana wake pia unashinda mlango ya konteneri.

Kisha, ile ya ndoto

Ovni, za Alubat ya Les Sables-d'Olonne, Ufaransa. Alminiyumu, uzito wote umefichwa chini ndani ya bodi, mukuku unaingia wote, unaiacha maji ikishuka inakaa kwa muchanga kama ng'ombe amelala. Batu bamezunguka dunia nayo. Njo ile foto ya telefone yangu, na sitaifuta. Lakini haiwezi kupanda Kivu: tani nyingi, upana wa kamiyo ya pekee, na maji yetu iko na magadi-magadi, pH inakaribia 9, alminiyumu haipendi ile. Siiweke kwa namba. Kama uko na pesa yake, iache baharini, Mombasa ao Zanzibar, unaenda kuitembelea.

Batu baliniuliza juu ya kukata pirogi ya mbao katikati na kutia mukuku. Tafazali, hapana. Ule ubao wa katikati njo uti wa mugongo, ukiutoboa utakuwa na chungio. Fundi wa kwetu anaweza kukutilia mbao mbili pembeni, moja kila upande, za kushusha na kupandisha, kama boti za zamani za Waholanzi. Haiguse chini ya boti hata kidogo. Na usicheke, wavuvi wetu ba sambaza (vile visamaki vidogo) banafunga pirogi tatu pamoja na miti na inasimama kwa mawimbi kuliko boti mingi za poliesta.

Mbele ya kutuma makuta, omba muuzaji foto ya mukuku ukiwa chini, boti iko kwa remorki, na foto ya musumari wake karibu kabisa. Akisema hakuna nafasi ya kupiga, ujue musumari umekwisha. Ukisha kuipata, kila mara ukiivuta kwa mwalo angalia ile tundu ya mukuku, vijiwe vinaingia mule, unakuja kuushusha katikati ya ziwa haushuke, na toka hapa mpaka Bukavu ni karibu kilomita 100, na boti kama hizi upepo ikikubali ni saa 14 ao 15. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 upepo ya kusini iko na nguvu, kujifunza anza mbele ya pale.

Na ile raha ya kulala ndani ya boti imepanda kwa muchanga, hapa Goma chagua fasi. Kwa mashimo ya pembeni ya ziwa kuko mazuku, ile hewa ya volkano yenye kuua, ni nzito, inakaa chini, na boti iko chini, na mutu amelala ndani ya boti iko chini zaidi. Lala ukiwa umefunga kwa maji, ao enda ulale kwako.

Kwangu nimeisha kupima portaye ya parseli. Iko na sentimita 230. Shrimper itapita, inabaki 6 kila upande, na bibi aliniona na mètre kwa mukono, akaguna, akaenda kutoa nguo kwa kamba.